Mgao Uliobadilishwa Jina

Tarehe 26 Machi 2024 Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, lilisitisha mgao wa nchi nzima, na kwa zaidi ya siku 300 zilizofuata ratiba ya kukatiwa umeme ikabaki tupu. Mgao ulirudi kwa siku chache mwanzoni mwa 2025, kisha ukatulia tena. Kwa watu waliokuwa wamepanga kupika, kuoga, kusoma na hata kufanyiwa upasuaji kwa kufuata ratiba hiyo, ilikuwa nafuu kubwa, na serikali ilikuwa na haki ya kuifurahia.

Soweto, kitongoji kikubwa cha watu weusi huko Johannesburg, haikuipata nafuu hiyo kikamilifu. Katika mitaa yake mingi, na katika vitongoji vya aina yake vilivyotapakaa nchini, umeme uliendelea kukatwa mapema asubuhi na jioni, saa zilezile za kuchemsha maji ya watoto na za kupika chakula cha usiku. Kukatwa huku hakuitwi mgao. Eskom hukuita kupunguza mzigo, na hueleza tofauti yake hivi: mgao ni pale mitambo inaposhindwa kufua umeme wa kuitosha nchi, kupunguza mzigo ni pale umeme upo, ila transfoma ya mtaa imeelemewa na itaungua isipozimwa. Kiufundi maelezo hayo ni sahihi. Mwaka 2025 shirika lenyewe lilihesabu wateja takribani milioni 1.7 wanaoishi chini ya utaratibu huo, na likaahidi kuumaliza kufikia 2027.

Swali linalonishughulisha ni jinsi giza lililokuwa la wote lilivyogeuka kuwa la baadhi. Jibu linapita juu ya mapaa ya nyumba, lakini halianzii huko.

Eskom iliundwa mwaka 1923, na kwa miongo mingi ilifua umeme wa bei ya chini kwa ajili ya migodi, viwanda na makazi ya Wazungu. Pale Soweto ipo minara miwili mikubwa iliyopakwa rangi, ambako siku hizi watalii hujirusha wakiwa wamefungwa kamba. Ni masalia ya kituo cha Orlando. Kituo hicho kilichoma makaa ya mawe katikati ya watu weusi na kupeleka umeme Johannesburg, huku nyumba zilizovuta moshi wake zikipikia makaa na kuwasha mishumaa. Soweto ilianza kuunganishiwa umeme kwa upana kuelekea miaka ya 1980.

Baada ya 1994 serikali mpya ilifanya jambo ambalo nchi chache zimeliweza kwa kasi ile. Nyumba zenye umeme zilikuwa kama theluthi moja tu. Ndani ya miongo miwili zikapita asilimia 80. Mwaka 2001 Eskom ikatunukiwa tuzo ya shirika bora la umeme duniani katika tuzo za gazeti la Financial Times. Naitaja tuzo hiyo kwa makusudi, kwa sababu wakati inatolewa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia. Waraka rasmi wa sera ya nishati wa mwaka 1998 ulikuwa umeonya kwamba akiba ya umeme ingekwisha kufikia 2007 na kwamba uamuzi wa kujenga vituo vipya usingeweza kusubiri. Serikali ikasubiri. Ilitaka wawekezaji binafsi ndio wajenge, ikaizuia Eskom kujenga. Wawekezaji nao hawakuja, maana umeme wa vituo vya zamani ulikuwa rahisi kiasi kwamba hakuna kituo kipya ambacho kingeweza kushindana nao. Ruhusa ilipotoka mwaka 2004, miaka ilikuwa imekwisha kupotea.

Mgao ukaanza mwishoni mwa 2007, mwaka uleule uliotajwa kwenye waraka. Rais Thabo Mbeki aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba Eskom iliomba kujenga na serikali ndiyo iliyokosea. Mwezi uliofuata, Januari 2008, migodi mikubwa ya dhahabu na platinamu ilisimamisha kazi kwa siku kadhaa.

Yaliyofuata yanajulikana na nitayapita haraka. Vituo viwili vikubwa vya makaa ya mawe, Medupi na Kusile, vilichelewa kwa miaka mingi na gharama zake zikapaa. Matengenezo ya mitambo mikongwe yaliahirishwa ili taa zisizimike wakati wa Kombe la Dunia 2010, na mazoea ya kuahirisha yakabaki hata wageni walipoondoka. Mikataba ya makaa ikageuzwa shamba la wezi, kama Tume ya Zondo, iliyochunguza ufisadi serikalini, ilivyokuja kueleza kwa kirefu. Medupi ilitangazwa kukamilika tarehe 31 Julai 2021. Siku nane baadaye mtambo wake wa nne ukalipuka. Oktoba 2022 bomba la kutolea moshi huko Kusile lilianguka, na mitambo mitatu ikanyamaza kwa mpigo mmoja.

Mwaka 2022 nchi ilikuwa na mgao kwa zaidi ya siku 200. Mwaka 2023 zilizidi 330. Mgao ulipangwa kwa daraja, kila daraja likimaanisha megawati 1,000 kuondolewa kwenye gridi, na daraja la sita likawa jambo la kawaida: umeme unakatwa mara kadhaa kwa siku, saa mbili mpaka nne kila mara. Pampu za maji zilisimama, maziwa yakaharibika viwandani, taa za barabarani zikazimika kwenye makutano ya magari. Umeme uliporudi, kila friji na kila hita ya maji iliwaka kwa wakati mmoja, na transfoma zisizokuwa na uwezo huo zikaungua. Nyaya zilizokaa bila umeme kwa saa nyingi zilikuwa salama kwa mwizi kuzikata. Kwa njia hii mgao wenyewe uliukula mtandao ambao ulikusudiwa kuulinda.

Hapo ndipo watu walipoanza kupanda mapaani.

Kwa makadirio ya Eskom, paneli za sola juu ya mapaa ya nyumba na biashara zilikuwa na uwezo wa megawati 983 mwezi Machi 2022. Juni 2023 zilikuwa megawati 4,412. Ni miezi kumi na mitano. Medupi, yenye uwezo unaokaribia megawati 4,800, ilichukua miaka kumi na minne. Ulinganisho huo una kasoro, kwa kuwa paneli hulala usiku na kituo cha makaa, kikiwa kizima, hakilali. Megawati moja ya sola huleta uniti chache kwa mwaka kuliko megawati moja ya makaa. Hata hivyo unaonyesha kasi ambayo wananchi wanaweza kwenda nayo wanapokata tamaa na serikali huku wana fedha mfukoni.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini. Paneli peke yake haikuokoi na mgao. Inveta ya kawaida iliyounganishwa na gridi hujizima umeme wa gridi unapokatika, ili isimpige shoti fundi aliye juu ya nguzo. Ili uwe na taa wakati jirani yuko gizani unahitaji inveta ya aina nyingine na betri, na betri ndiyo iliyobeba bei. Mfumo wa kuitosha nyumba ya familia ulivuka randi 100,000 kwa urahisi. Waliokuwa na nyumba zenye hati waliweza kuongeza deni hilo kwenye mkopo wa nyumba. Mpangaji hakuweza. Anayeishi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mtu hakuweza hata kuota.

Serikali iliongeza msukumo wake. Kwa mwaka mmoja kuanzia Machi 2023, mwenye nyumba aliyenunua paneli mpya alirudishiwa robo ya bei yake kupitia kodi, mwisho randi 15,000. Sera hiyo ilipongezwa, na iliongeza kweli umeme nchini. Lakini itazame kwa jicho la Soweto: ili upate msaada, kwanza uwe na kodi ya mapato unayolipa, kisha uwe umekwisha kununua. Bibi anayeishi kwa posho ya uzee hakuwa na cha kurudishiwa.

Sisemi haya kumshutumu aliyefunga paneli. Mtu ambaye mama yake anapumulia mashine ya oksijeni hawezi kuambiwa asubiri shirika lijirekebishe. Na paneli zake zimewasaidia hata wasiokuwa nazo: mchana zilipunguza mahitaji ya gridi, zikaipa Eskom nafasi ya kutengeneza mitambo na kujaza tena mabwawa ya kufulia umeme yanayotumika jioni, zikapunguza dizeli iliyokuwa ikichomwa kwa mabilioni ya randi. Mgao ulikoma hasa kwa sababu vituo vya makaa vilianza kutengenezwa inavyopaswa. Kiwango cha mitambo kuwa tayari kufanya kazi kilipanda kutoka chini ya asilimia 55 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 hadi kidogo juu ya 60 mwaka uliofuata. Lakini mapaa yana sehemu yake katika nafuu ile, na haki hiyo wapewe.

Tatizo liko kwenye bili.

Gharama ya kuufikisha umeme kwako kwa sehemu kubwa haitegemei umetumia uniti ngapi. Nguzo ni ileile. Transfoma, nyaya, magari ya mafundi, mishahara, riba ya mkopo uliojenga kituo, vyote vinadai fedha yao hata kama mwezi huu hukuwasha kitu. Kwa miaka mingi gharama hizo zilifichwa ndani ya bei ya uniti. Anayetumia sana alilipia nguzo nyingi, anayetumia kidogo alilipia chache, na kwa njia hiyo mwenye nyumba kubwa alimbeba mwenye nyumba ndogo bila ya kuwapo mkutano wala hotuba. Sera ya kuwapa fukara uniti 50 za bure kila mwezi, iliyoanza mapema miaka ya 2000, ilitegemea ubebaji wa aina hiyo pamoja na ruzuku ya serikali.

Mwenye nyumba kubwa anapofunga sola, uniti anazonunua hushuka, lakini hang'oi waya. Anauhitaji. Usiku wa Julai kule Johannesburg ni wa baridi kali, na betri haiwezi kuendesha hita mpaka alfajiri. Cape Town mvua za kipupwe huweza kuficha jua kwa siku kadhaa. Siku hizo anarudi kwenye gridi na kuikuta ikimsubiri, kwa gharama ambayo mwezi mzima imebebwa na wengine. Shirika linapouza uniti pungufu kwa gharama ileile, njia iliyo karibu ni kupandisha bei. Eskom ilipandisha kwa asilimia 18.65 mwaka 2023, kisha 12.74 mwaka 2024, kisha kiasi kama hicho tena 2025. Yaani takribani nusu nzima juu ya bei ya awali ndani ya miaka mitatu. Kila ongezeko linamfanya mtu mwingine aliye ukingoni aone sola inalipa. Naye akipanda paani, mzigo hubaki kwa wachache zaidi.

Tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa jambo hili. Mauzo ya Eskom yalianza kuporomoka kabla paneli hazijawa bidhaa ya kawaida: kutoka takribani uniti bilioni 224 katika mwaka wa fedha wa 2007/08 hadi takribani bilioni 188 mwaka 2022/23, katika nchi ambayo watu wake waliongezeka kwa zaidi ya milioni kumi. Sehemu kubwa ya anguko hilo ni mitambo ya kuyeyusha madini iliyofungwa, viwanda vilivyobana matumizi, na umeme ambao shirika halikuwa nao wa kuuza. Anayesema sola ndiyo iliyoiua Eskom anageuza mpangilio wa matukio. Mtandao uliobomoka ndio uliouza paneli. Paneli zilikuja kulikuta shimo, zikalipanua.

Shimo hilo liko wazi zaidi kwenye manispaa. Afrika Kusini manispaa hununua umeme kwa Eskom na kuuza rejareja, na faida yake hulipia barabara, maji na taka. Ni mpangilio wa zamani na una akili yake, mradi wateja wazuri wabaki. Wateja wazuri ndio wenye mapaa mazuri. Kufikia 2025 manispaa zilikuwa zinadaiwa na Eskom zaidi ya randi bilioni 90. Serikali kuu nayo ilikuwa imelazimika mwaka 2023 kutangaza mpango wa kuibebea Eskom madeni ya randi bilioni 254. Johannesburg iliamua kutafuta fedha pale ilipoweza kuzifikia: Julai 2024 ilianza kutoza randi 200 kwa mwezi, kabla ya kodi, kwa kila mwenye mita ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Waliosajiliwa kuwa fukara walisamehewa. Kuna hoja ya haki ndani yake, kwamba kila aliyeshika waya achangie waya. Lakini mama mwenye kigenge, ambaye si fukara wa kutosha kusajiliwa wala si tajiri wa kutosha kufunga sola, akawa anadaiwa kabla hajanunua uniti hata moja.

Hasara iliyo kubwa kuliko hii, kwa maoni yangu, haionekani kwenye bili. Mgao wa 2022 na 2023, pamoja na mateso yake, uliwaweka watu wote ndani ya kero moja. Mwanasheria wa Sandton, eneo la matajiri Johannesburg, na mlinzi wa lango lake walifungua programu ileile ya simu kuangalia umeme utakatika saa ngapi. Magazeti yaliandika kila siku, wafanyabiashara walikwenda mahakamani, Rais Cyril Ramaphosa alitangaza hali ya janga Februari 2023 na mwezi uliofuata akateua waziri wa umeme. Shinikizo lile ndilo lililowalazimisha wakubwa kuvitengeneza vituo. Wenye nafasi walipojitengenezea umeme wao, na baadaye mgao ulipokoma, kero ya wote ikakosa wote. Giza lililobaki ni la watu ambao simu zao hazipokelewi haraka.

Na giza hilo lina ukatili wake wa pekee. Transfoma ya mtaa wa Soweto iliwekwa kwa hesabu ya nyumba kadhaa. Vibanda vikaongezeka nyuma ya kila nyumba, wengine wakajiunganishia, wengine wakachezea mita. Eskom inasema, na haisemi uongo, kwamba transfoma huungua kwa sababu hiyo. Historia nayo ina neno lake: katikati ya miaka ya 1980 kugoma kulipa kodi ya nyumba na huduma kulikuwa silaha ya kupinga utawala wa kibaguzi, na madeni ya Soweto hayajawahi kunyooka tangu hapo. Lakini utaratibu wa kupunguza mzigo hauchagui. Unazima laini nzima, pamoja na mstaafu ambaye kila mwezi amenunua tokeni zake kwa uaminifu. Transfoma ikiungua, shirika limekuwa likisita kuleta nyingine mpaka wakazi wakaguliwe, na aliyekutwa na mita iliyochezewa alipe faini inayopita randi 6,000. Jirani yake asiye na kosa anasubiri naye, wiki baada ya wiki.

Ahadi ya 2027 inategemea mita za kisasa zinazoweza kuipunguzia kila nyumba matumizi peke yake badala ya kuzima mtaa. Ni njia nzuri kuliko iliyopo. Inahitaji pia transfoma mpya na nyaya nene, na hizo zinahitaji fedha kutoka kwenye mfuko uleule unaopungua wachangiaji.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuona haya ni mambo ya mbali. Sisi mgao tunaujua kwa jina, hasa tangu mabwawa yalipokauka mwaka 2006, na sasa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limetutoa kwenye uhaba wa kufua. Mapaa yenye paneli na betri za kuitosha nyumba nzima bado si mengi kwetu. Lakini tazama bei zetu. Mteja wa D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Yule wa matumizi ya kawaida analipa karibu mara tatu ya hapo. Kijijini nyumba inaunganishwa kwa shilingi 27,000, fedha ambayo haiwezi kununua nguzo moja. Mpango huu ni mzuri na nautetea. Nani anaubeba? Kiwanda, hoteli, ofisi, na nyumba zile za ghorofa ambazo umeme ukikatika hunguruma kwa jenereta. Hao ndio wenye uwezo wa kujitoa siku watakapochoka na transfoma zinazoungua kila mvua zinaponyesha. Kenya iliingia gizani nchi nzima mara tatu kati ya Agosti na Desemba 2023, uwanja wake mkuu wa ndege ukiwemo, na viwanda vyake vingi vimekwisha kutandaza sola juu ya mabati yao. Wote wanaofanya hivyo wanayo sababu njema, na hakuna sheria ya haki inayoweza kuwazuia. Kinachoweza kuwazuia ni umeme usiokatika, na huo hauletwi na bwawa peke yake. Unaletwa na kubadilisha nguzo zilizooza na nyaya zilizochakaa, kazi ambayo haina utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi.

Soweto na sehemu kubwa ya Sandton zinauziwa umeme na shirika lilelile, Eskom, moja kwa moja. Jioni ya Julai, jua linapozama mapema na baridi inashuka, Sandton taa zinabaki zikiwaka, nyingine kwa umeme wa gridi na nyingine kwa umeme wa mchana uliohifadhiwa kwenye betri. Kule Orlando minara ya kituo kilichofungwa mwaka 1998 inasimama na michoro yake. Ukifika wakati wa kupunguza mzigo mtaa unazimika, na baada ya muda moshi unaanza kupanda kutoka uani, nyumba hadi nyumba: watu wamewasha tena majiko ya makaa ya mawe, yale yale ambayo bibi zao waliyapikia wakati kituo kilipokuwa kikiungurumia mlangoni pao kwa ajili ya watu wengine.